Ikolojia ilipataje kuwa sayansi, na kanda yetu ya ziwa ina nafasi gani humo?

Mwl_Malimbe

Habari zenu wanajukwaa. Naandaa vipindi vinne vya kidato cha sita kuhusu historia ya ikolojia. Vitabu nilivyonavyo vinatoa mstari mmoja tu: Haeckel alitunga jina mwaka 1866, Tansley akaleta dhana ya mfumo ikolojia mwaka 1935. Katikati ni kimya cha karibu miaka 70. Mwanafunzi anakariri miaka miwili na kuondoka akidhani ikolojia ni somo la kupanda miti na kuokota chupa ufukweni.

Wenye kuifahamu historia hii naomba mnisaidie. Nini hasa kiligeuza masimulizi ya viumbe kuwa sayansi yenye vipimo? Je, kanda yetu ya ziwa imo ndani ya historia hiyo, au sisi ni mfano wa kuonyeshea tu? Na kipimo gani cha zamani darasa la watu 40 linaweza kukirudia hapa Mwanza bila maabara ya gharama?

Limno_Nyegezi

Mwalimu, hongera kwa kuligusa hili. Ushauri wangu: anza na maziwa, maana ikolojia ilipimika vizuri majini kabla ya kupimika msituni. Msitu hauna ukingo ulio wazi. Ziwa lina ufukwe, lina mito inayoingia na mto unaotoka, na kina chake utakijua ukishusha kamba. Ukishaujua ukingo unaweza kuhesabu kinachoingia, kinachobaki na kinachotoka.

Kabla ya jina kulikuwa na kazi. Linnaeus aliandika mwaka 1749 kuhusu uchumi wa maumbile, jinsi kila kiumbe kinavyomlisha mwingine. Humboldt alipanda mlima Chimborazo mwaka 1802 akapanga mimea kwa mwinuko na joto. Darwin, 1859, alionyesha kwamba wingi wa maua ya klova kijijini unaweza kutegemea paka: paka hula panya, panya huharibu viota vya nyuki, nyuki ndio huchavusha. Haeckel alikuja na jina, kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya nyumba, lakini jina halikuleta njia ya kupima chochote. Hapo ndipo miaka yako 70 ilipokwenda: kutafuta kipimo.

Hatua ya kwanza ya maana kwangu ni ya Karl Möbius, 1877. Serikali ya Ujerumani ilitaka kujua kwa nini vitanda vya chaza vya pwani yake ya kaskazini haviwezi kufugwa kwa faida kama vya Ufaransa. Akajibu kwamba kitanda cha chaza ni jumuiya nzima: chaza, kaa, konokono na minyoo wanagawana chakula na nafasi, na ukiondoa chaza wengi mno wengine wanaijaza nafasi hiyo, chaza hawarudi. Swali lilikuwa la biashara, jibu likawa la ikolojia. Mtu wa mwalo wa Kirumba ataielewa hoja hiyo kabla hujaimaliza.

Miaka kumi baadaye, 1887, Stephen Forbes wa Illinois, Marekani, akalieleza ziwa kuwa ulimwengu mdogo: huwezi kumwelewa samaki mmoja bila kujua anachokula, anayemla na anayeshindana naye. Forel naye alilipima Ziwa Geneva maisha yake yote, joto, mawimbi, mwanga, matope ya chini, na juzuu ya kwanza ya kazi yake ikatoka 1892. Limnolojia, yaani sayansi ya maziwa, inaanzia kwake.

Upande wa mimea, Warming wa Denmark alichapisha kitabu cha jumuiya za mimea mwaka 1895, na Cowles, 1899, alitembea kwenye vilima vya mchanga vya Ziwa Michigan. Mchanga wa karibu na maji ni mpya, wa mbali ni wa zamani, kwa hiyo kila hatua kuelekea bara ni hatua ya kupita miaka. Clements akaigeuza kuwa sheria mwaka 1916: uoto hukua kama mwili mmoja, hatua kwa hatua, hadi ukomavu. Gleason akapinga mwaka 1926: kila mmea huota pale mbegu yake ilipoangukia na pakaufaa, hakuna mwili mkubwa.

Mgogoro huo uonyeshe kwenye majabali ya Mwanza. Kwa Clements, jiwe tupu hupata likeni, kisha kuvumwani na majani, kisha vichaka, kisha miti. Wapeleke wanafunzi waangalie mitini, miti ya jamii ya mkuyu inayoota majabalini. Mbegu iliyodondoshwa na ndege kwenye ufa inaota hapo hapo bila kungoja zamu yake. Kazi: wachore jabali moja kwa gridi ya mita 1 kwa mita 1, wahesabu mimea iliyo kwenye nyufa na iliyo juu ya jiwe tupu, halafu waseme nani kati ya wale wawili anaungwa mkono. Mara nyingi watakuta kila mmoja ana sehemu yake ya ukweli, na ni vizuri waone hivyo.

Kisha njoo kwenye namba. Umberto D'Ancona alikuta kwamba vita ya 1914–1918 ilipopunguza uvuvi katika bahari ya Adriatiki, sehemu ya papa na samaki wengine walao wenzao iliongezeka sokoni. Alimuuliza mkwewe, mwanahisabati Vito Volterra, naye akatoa milinganyo mwaka 1926. Lotka wa Marekani alikuwa ameifikia mwaka mmoja kabla, kwa njia yake. Uvuvi ukipungua, mlaji hufaidika kuliko anayeliwa: haikuwa dhahiri mpaka hesabu ilipofanywa. Elton, 1927, akaleta mnyororo wa chakula na piramidi ya idadi. Na kule Minnesota, Raymond Lindeman akapima nishati inavyopanda ngazi ndani ya ziwa dogo lenye matope. Wahakiki walilikataa andiko lake kwa kudai lina nadharia nyingi kuliko data. Hutchinson, mlezi wake, akalitetea. Lilitoka Oktoba 1942. Lindeman alikuwa ameshafariki mwezi Juni, akiwa na miaka 26.

Mbungo_Shy

Nakubaliana na Limno kwa mengi, ila ameruka sehemu inayomhusu Mwalimu kuliko zote. Jina la mfumo ikolojia lina mguu Tanganyika.

Tansley hakuliandika kwa utulivu. Alikuwa anamjibu John Phillips, mwanaikolojia wa Afrika Kusini aliyechapisha kati ya 1934 na 1935 makala tatu za kumtetea Clements, akisisitiza kwamba jumuiya ya viumbe ni kiumbe kimoja kikubwa. Phillips huyo alikuwa ameajiriwa Tanganyika kuanzia 1927 hadi 1931 katika utafiti wa mbung'o, kituo kikiwa Kondoa. Tansley akasema hapana: tusiite kiumbe, tuite mfumo, na ndani ya mfumo huo tuweke udongo, maji na hewa pamoja na walio hai. Kuingiza visivyo hai ndiko kuliruhusu watu baadaye kupima fosforasi na nishati kwa hesabu moja. Mwanafunzi akijua kwamba neno lilizaliwa kwenye ubishi, halisahau.

Shinyanga, mwendo wa saa chache kutoka hapo ulipo, palikuwa makao ya utafiti wa mbung'o chini ya Swynnerton. Hapo porini palijaribiwa kwa vitendo swali la kiikolojia: ukibadilisha uoto, mdudu anakwenda wapi? Walijaribu kuchelewesha moto hadi nyasi zikauke kabisa ili uchome vichaka kwa ukali, wakajaribu kufyeka, na wafyekaji walikuwa Wasukuma kwa maelfu. Kazi ya mikono hiyo haitajwi sana kwenye historia ya sayansi na inastahili kutajwa darasani.

Mwenzao C. H. N. Jackson alikabili tatizo jingine. Ukikamata mbung'o 50 leo na 100 kesho, wameongezeka au umekamata vizuri zaidi tu? Akaweka alama za rangi migongoni, akawaachia, akawakamata tena, na mwaka 1933 akachapisha kuhusu msongamano wao halisi. Petersen alishatumia wazo hilo kwa samaki miaka ya 1890, na Lincoln kwa bata mwaka 1930, lakini kazi ya Tanganyika ni miongoni mwa za mwanzo kabisa kwa wadudu.

Hii unaifanya darasani kwa maharage. Mimina maharage kwenye ndoo bila kuyahesabu. Toa 50, yatie alama kwa kalamu ya wino usiofutika, yarudishe, changanya vizuri. Chota 60. Ukikuta 12 yenye alama, hesabu ni 50 mara 60 gawa kwa 12, sawa na 250. Kisha hesabuni yote mlinganishe. Baada ya hapo haribu jaribio kwa makusudi, maana hapo ndipo somo lilipo. Usichanganye, yale yenye alama yakae juu: utachota mengi yenye alama na jibu litakuwa dogo kuliko ukweli. Futa alama kwenye kumi: jibu litakuwa kubwa kuliko ukweli. Ongeza maharage mapya katikati, kama wahamiaji: jibu litakuwa la siku ya pili, si la siku ya kwanza. Chota machache mno ukapata alama mbili tu, na harage moja zaidi au pungufu litaliyumbisha jibu vibaya.

Jambo moja la kusahihisha kabla halijaingia kwenye daftari za watu. Kanuni ya asilimia 10 kutoka ngazi hadi ngazi si alichokipata Lindeman. Katika ziwa lake dogo mimea ilinasa asilimia 0.10 ya nishati ya jua, walaji wa kwanza wakapata asilimia 13.3 ya ile ya mimea, na walaji wa pili asilimia 22.3 ya ile ya chini yao. Kumi ni wastani wa kukadiria uliokuja kuzoeleka. Anayeifundisha kama sheria atashindwa kueleza ziwa lolote halisi.

Na usiiache Serengeti. Sotoka, ugonjwa wa kirusi wa ng'ombe ulioua pia nyumbu, ilipodhibitiwa kwa kuchanja ng'ombe waliozunguka hifadhi, nyumbu waliongezeka kutoka takriban 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi zaidi ya milioni 1 mwishoni mwa miaka ya 1970. Nyasi zikaliwa, moto ukapungua, miti ikarudi. Kirusi cha ng'ombe kilikuwa kinaamua wingi wa miti.

Mwl_Malimbe

Asanteni sana ndugu zangu, haya ya Kondoa na Shinyanga sikuyajua kabisa. Limno, naomba uje kwenye ziwa letu lenyewe. Wanafunzi wataniuliza tu: furu, wale samaki wadogo wa aina nyingi wa ziwa letu, walimalizwa na sangara aliyeletwa kutoka nje au na maji kuchafuka? Na kipimo cha kurudia majini, kuna mtu anaweza kutoa hatua zake?

Sahani_na_Kamba

Shikamoo Mwalimu. Kwa kipimo cha majini chukua sahani ya Secchi, inayopima uangavu wa maji kwa kina ambacho inapotea machoni. Padri Angelo Secchi aliijaribu kwenye bahari ya Mediterania mwaka 1865, akiwa kwenye meli ya Papa. Whipple wa Marekani akaigawa rangi nyeusi na nyeupe mwaka 1899. Ni ya bei ndogo na bado inatumika duniani kote.

Kata duara la kipenyo cha sentimita 20 kutoka bati nene au plastiki ngumu. Usitumie mbao, itaelea na kuvimba. Ligawe robo nne, mbili nyeupe mbili nyeusi zikipishana, kwa rangi isiyong'aa. Rangi ya kung'aa inarudisha jua machoni. Toboa katikati, pitisha kamba, funga uzito wa kilo 1 hadi 1.5 chini yake. Kamba iwe ya nailoni iliyosukwa, kwa sababu iliyosokotwa inaizungusha sahani, na ya katani hubadilika urefu ikilowa. Iloweke kwanza, ndipo uipime na kuitia alama kila sentimita 10, na alama ya rangi tofauti kila mita. Mita 10 zinatosha.

Pima kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, upande wa mtumbwi wenye kivuli, bila miwani ya jua. Shusha polepole hadi ipotee, soma. Pandisha hadi ionekane, soma. Wastani wa hizo mbili ndio kipimo. Rudia mara tatu, na mtu wa pili apime bila kuambiwa namba ya wa kwanza.

Makosa ninayoyaona sana ni haya. Mtumbwi ukisukumwa na upepo kamba inalala mshazari na kipimo kinakuwa kirefu kuliko ukweli. Ongeza uzito au tia nanga. Karibu na ufukwe sahani hugusa chini kabla ya kupotea. Hapo usiandike kina kama kipimo, andika "chini ilionekana". Mwani ukiwa umetanda juu kama rangi ya kijani, ukiusogeza kwa kasia utapata namba ya uongo.

Sahani haitofautishi tope na mwani. Karibu na mdomo wa Mto Mirongo baada ya mvua utapata namba ndogo kwa sababu ya udongo, kwingine ndogo hiyo hiyo kwa sababu ya mwani. Chuja lita 1 ya maji kwenye karatasi ya chujio ya kahawa, iache ikauke: kijani au kahawia itakuambia.

La usalama nalisisitiza. Mwanafunzi asiingie majini. Konokono wa kichocho hutoa vimelea kwa wingi kuelekea mchana, saa zile zile nzuri kwa sahani. Pimeni kutoka gatini au mtumbwini, kila mmoja na boya lake.

Limno_Nyegezi

Nakuja kwenye furu, Mwalimu, na nitachukua muda kidogo.

Tunaweza kulijadili swali lako kwa sababu tu kuna watu walipima kabla ya mabadiliko. Nyavu za makila ziliingia ghuba ya Kavirondo, upande wa Kenya, mwaka 1905, na ngege (samaki wa jamii ya sato) walipoanza kupungua serikali za kikoloni zilimwita Michael Graham, akapima ziwa zima 1927–28 akiwa na Worthington. Alipendekeza macho ya wavu yasipungue inchi 5, na akaonya kwamba kumleta samaki mkubwa mlaji kutoka nje bila utafiti mrefu ni hatari kubwa. Kituo cha utafiti wa samaki cha Jinja, Uganda, kikaanza 1947, na Talling akapima oksijeni na mwani kwa mzunguko wa mwaka mzima 1960–61. Mwaka 1960 Fryer alipinga kwa maandishi kuletwa kwa sangara. Sangara akaonekana upande wa Uganda mwaka huo huo.

Mwaka 1969–71 ikaja trolo ya ziwa zima, yaani kupima samaki kwa wavu mkubwa unaokokotwa na chombo. Hesabu yake wanafunzi wanaiweza. Mfano wa kufanyia kazi: mdomo wa wavu mita 10, mwendo kilomita 5.6 kwa saa, nusu saa. Umefagia mita 2,800 mara 10, yaani hekta 2.8. Ukivuta kilo 140, ni kilo 50 kwa hekta. Lakini kama nusu ya samaki waliokuwa njiani walitoroka, ukweli ni kilo 100. Kwa trolo hiyo furu walikuwa takriban asilimia 80 ya uzito wa samaki wa chini. Trolo haivutwi juu ya mawe, kwa hiyo furu wa majabali hawakuhesabika kabisa. Mwanza ni mji wa majabali, kasoro hiyo si ndogo kwetu.

Kuanzia 1977 timu ya Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, ikaanza kazi Ghuba ya Mwanza kutokea Nyegezi, kina Frans Witte, wakivuta trolo kwenye mstari ule ule mwaka baada ya mwaka. Ndiyo maana anguko la furu wa maeneo ya matope katika miaka ya 1980 tunalijua kwa tarehe, si kwa kumbukumbu za wazee peke yake. Katika aina 500 hivi, takriban 200 zilikadiriwa kutoweka. Uduvi na dagaa wakaongezeka, na sangara akageukia uduvi.

Sangara au maji? Tope la chini ya ziwa, lililokatwa kwa tabaka na kusomwa na Verschuren na wenzake mwaka 2002, linaonyesha mwani ulianza kuongezeka miaka ya 1930, mashamba na makazi yalipopanuka, na oksijeni ya kilindini ilianza kupungua mwanzoni mwa miaka ya 1960. Sangara alifumuka baada ya hapo. Kwa hiyo maji kubadilika hakukuanzishwa na kupotea kwa furu. Hilo halimsafishi sangara: furu wa matope walitoweka pale alipofumuka yeye. Mimi nasema yote mawili, na atakayekuambia ni moja tu muulize anatumia kipimo cha mwaka gani.

Hapa sahani ya mwenzetu inaingia. Miaka ya 1920 ilionekana hadi mita 7 hivi kwenye maji ya wazi. Miaka ya 1990 sehemu nyingi haikufika 3. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba kwenye majabali yenye maji maangavu kuna aina nyingi za furu, kwenye maji machafu chache. Jike huchagua dume kwa rangi. Kuna dume wa bluu na dume mwekundu, huyu mwekundu akiitwa kwa jina la Mwalimu Nyerere. Maji yakichafuka rangi hazionekani vizuri, na aina mbili zinachanganyikana bila hata mmoja kuliwa.

Kwa hiyo chagua vituo vitatu: karibu na Mirongo, katikati ya ghuba, na penye mawe upande wa nje. Andika tarehe, saa, jina la mpimaji, kina cha mahali, mawingu na upepo, na viratibu kutoka kwenye simu. Kamba iandikwe ni ipi. Darasa la mwaka kesho likibadilisha kamba, lipime zote mbili siku moja kwanza, ndipo liiache ya zamani.